Pampu Isiyovuja

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa kubadilisha vitu vizima. Hakuupata kwa kurogwa. Aliupata kazini, tena akapewa cheti. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa matunzo katika kiwanda cha shaba hapa Likasi, na idara yao ilikuwa na sheria moja: kipande cha mashine hakingojewi kiharibike. Kila kipande kilikuwa na saa zake zilizoandikwa kitabuni. Saa zikiisha kinatolewa, hata kama kinazunguka vizuri, na kipya kinafungwa mahali pake. Wao waliiita kazi hiyo préventif. Mama aliiita wazimu wa Wazungu.

Enzi hizo ghala la kiwanda lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na vile vipande vilivyotolewa vikiwa vizima viliingia mifukoni mwa wafanyakazi vikaishia chini ya vitanda vya mji mzima. Ndiyo maana mambo yalipoporomoka, miaka ile ya tisini, Likasi haikusimama yote kwa siku moja. Vinu vya kusaga mahindi, pampu za visima, hata feni ya kinanda cha parokia, vyote viliendelea kwa vipande vya chini ya kitanda. Baba peke yake hakuwahi kuchukua hata skrubu. Alitusimulia jambo hilo mara nyingi, mezani, juu ya bukari, ugali wetu, isiyo na samaki.

Nyumbani nako alileta kitabu chake. Balbu zilitolewa zikiwa bado zinawaka. Kamba ya kuanikia nguo ilibadilishwa kila masika, na ile ya zamani ilikuwa ngumu kiasi kwamba jirani mmoja alifungia nayo ng'ombe. Mama alimwambia siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga:

"Siku moja hata minye utanibadirisha, na ningali natembea."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," baba akamjibu. Ufa wenyewe haukuwepo, ila ukuta tuliuona kila siku.

Mimi, binti yao, wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shule zilikuwa zimefungwa kwa mgomo usioisha, kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kukaa barazani na kumcheka baba yangu. Nasema kweli, kazi hiyo niliifanya kwa bidii kuliko ya kufundisha.

Nyumba za kambi ya kiwanda zilijengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi fundi umeme wa idara ileile ya baba. Watu walimwita Mkasai, mtu wa mkoa wa Kasai. Kasai yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Babu yake ndiye aliyetoka huko kuja kujenga reli. Yeye alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile chetu, na makosa yetu yote. Yeye na baba waliitana voisin, yaani jirani, miaka kumi na minane, na sijawahi kusikia mmoja akimwita mwenzake kwa jina.

Wawili hao ndio walioliokota gari. Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, refu, lenye mapezi mawili nyuma, ambalo injinia mmoja Mbelgiji aliliacha nyuma ya nyumba ya wageni alipokimbia nchi. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Walilivuta kwa kamba mpaka uani kwetu, na kwa miaka miwili likala jioni zao zote. Jirani alivuta nyaya upya, moja moja, kutoka taa za mbele mpaka za nyuma. Baba alifungua injini, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaipanga vipande vipande juu ya magunia kama mtu anayeuza dagaa. Fundi cherehani wa Kambove alishona viti kwa pazia lililobaki la ukumbi wa sinema. Vyuma vya kung'aa vilisuguliwa kwa majivu na limau, na kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa hiyo najua vilikuwa vingapi.

Siku gari lilipowaka, watoto wa kambi nzima walipiga makofi. Tulikwenda Mulungwishi na kurudi, baba kwenye usukani, jirani kando yake akisikiliza injini kwa jicho moja limefumbwa. Gari halikuchemka. Halikukohoa hata mlimani. Tuliporudi baba alilizima, akashuka, akaenda ndani kuchukua miwani na kitabu cha gari, akasoma. Kisha akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Pompe ya mayi," alisema. "Saa zake zilisha kuisha. Zamani sana."

Pampu ya maji ndiyo inayozungusha maji ndani ya injini ili isichemke. Ile yetu ilikuwa ya asili, iliyozaliwa na gari lenyewe. Jirani aliinama, akaigusa, akazungusha feni kwa mkono, akasikiliza.

"Voisin, hii pompe inazunguka muzuri. Haivuje. Hailie. Unaitafutia makosa gani?"

"Isipovuja leo itavuja kesho. Njo préventif."

"Basi itavuja kesho. Kesho tutaitosha, tufunge ingine."

Baba alimtazama kwa huruma, kama padri anavyomtazama mtu anayesema ataungama akizeeka.

Alitafuta pampu mpya miezi mitatu. Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi alimletea moja, ndani ya boksi lake, imefungwa kwa karatasi ya nta na kupakwa grisi ya kiwandani. Baba akamlipa kwa baiskeli yake. Mama alimpongeza: sasa alikuwa na pampu mbili na hana cha kupanda kwenda kununua chumvi, maana gari halikuguswa mpaka uamuzi utoke.

Na uamuzi haukutoka. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata wagonjwa wana mashaka. Pampu mpya iliwekwa sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, mahali palipokuwa na picha ya ndoa. Kila mgeni alionyeshwa. Mwanakwaya mmoja aliuliza kama ni kombe la mpira. Mjomba wangu alikuja, akaipima mkononi, akasema ibadilishwe. Kesho yake akapita tena, akasema isibadilishwe, akala mara zote mbili. Baba alikuwa akiketi mbele ya pampu jioni, kitabu magotini, na mimi nikimuuliza kama imeshasema neno. Kutoa kipande kizima ni kazi rahisi pale ghala linapojaa. Ghala likiwa tupu, mtu anaanza kujiuliza kipya kimetengenezwa na nani, na kama atapata kingine hiki kikiharibika. Nilimwelewa, ila sikumwambia.

Wakati sisi tunajadili pampu, mji ulikuwa unajadili watu. Kwenye redio, sokoni, kwenye mikutano ya uwanjani, ilisemwa kwamba watu wenye asili ya Kasai wamekula nafasi za wenyeji na sasa warudi kwao. Waliitwa bilulu, wadudu, na watu niliosali nao walilitamka neno hilo wakicheka. Kiwandani waliambiwa wakae nyumbani, mafundi wa miaka ishirini, na nafasi zao wakapewa binamu za watu ambao hawakujua bisibisi inashikwa upande gani. Nilisema nyumbani kwamba hatimaye kiwanda kizima kimeambukizwa ugonjwa wa baba. Nilidhani ni mzaha mzuri. Baba hakucheka, na wiki iliyofuata alipewa usimamizi wa timu ya jirani yake pamoja na timu yake mwenyewe.

Mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati ya upande wa pili. Ukuta ulikuwa mmoja lakini bati, nashangaa mpaka leo, waliorusha walijua kulipima vizuri. Jiwe hata moja halikutuangukia sisi.

Jumanne jirani alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia. Mtu ambaye alikuwa akiingia jikoni kwetu na kufunua sufuria.

"Voisin, tunaenda. Kesho kutwa asubui. Batoto bakubwa balisha kutangulia ku gare ya treni na bintu. Minye niko na tatizo ya mama mukwe. Haweze kutembea. Na weye unajua, minye siwezi kumubeba."

Baba alijua, na sote tulijua. Kwao, kama kwetu na kwa karibu kila mtu wa huku, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwenzake. Bibi yule alikuwa ameishi chumba cha nyuma cha nyumba ile tangu magoti yamshinde, miaka minne, na katika miaka hiyo mkwe wake alikuwa akipiga kikohozi kabla ya kupita uani ili asimkute. Mke wa jirani alikuwa na kichanga cha wiki tatu mgongoni na mwingine wa kushika mkono. Ndani ya gari jambo lingekuwa rahisi: bibi nyuma na binti yake, mkwe mbele, macho barabarani, heshima ya kila mtu mahali pake. Kutoka kwetu hadi stesheni ni kilomita nne.

"Safari moja tu," jirani alisema.

"Voisin! Mpaka unauliza?" baba akamshika bega. "Ile gari si yetu bawili?"

Jumatano, nilipoamka, maji ya rejeta yalikuwa yamemwagwa na pampu ya zamani, ile nzima, imelala juu ya gunia.

Mama alikuwa anafunga kanga aende Kapolowe kutafuta unga. Alisimama akatazama shimo kwenye injini.

"Unafanya nini?"

"Ni safari ya maana hii. Siwezi kubeba batu na pompe ya zamani."

"Kilometre ine!"

"Njo vile panne inakuyaka, gari inazimika njiani. Kesho asubui itakuwa tayari."

Mama alikuwa ameishi na kitabu kile miaka mingi mno, akaamini. Mimi pia niliamini, na nilicheka. Nilimwambia anasubiri siku zote hizi kuamua, halafu anaamua siku isiyotakiwa. Fundi wa kweli. Mama akaenda zake, akasema atarudi kesho mchana, na kwamba tumsalimie mke wa jirani sana, sana.

Alhamisi asubuhi baba alikuwa ameinama ndani ya boneti. Alisema pampu mpya haikai. Matundu ya bolti hayalingani, labda ni ya mwaka mwingine, anajaribu kuyapanua. Alisema hivyo kwangu, kisha akasema tena kwa jirani alipoingia uani amevaa koti lake la kanisani, maana makoti hayaingii vizuri kwenye mizigo.

Jirani alitazama gari. Akatazama gunia. Akaichukua pampu ya zamani, akazungusha mhimili wake kwa kidole kimoja, na ukazunguka bila sauti. Alikuwa fundi umeme, lakini miaka miwili alikuwa amekaa juu ya injini ile. Alijua pampu hiyo inarudi mahali pake kwa muda gani. Nilimwona akijua. Baba hakutoa kichwa chake nje ya boneti.

"Haya, voisin," jirani alisema polepole. Akaiweka chini, upande usio na mchanga. "Ufunge muzuri."

Alitoka akaenda kuazima kigari cha kusukuma kwa muuza makaa. Nilisimama mlangoni na kijiko cha mboga mkononi, nikaona yote. Mke wake na mwanamke wa nyumba ya tatu walimtoa bibi, wakamkalisha kwenye kigari juu ya godoro lililokunjwa. Yule mwanamke wa nyumba ya tatu akatazama kona, ambako vijana wa mtaa walikuwa wamekaa na fimbo zao, akarudi kwake haraka. Jirani akangoja mpaka bibi ajifunike kichwa na uso kwa kitenge. Ndipo akashika mikono ya kigari, akageuza uso wake pembeni kabisa, mpaka shingo ikasimama mishipa, akaanza kusukuma bila kuona mbele. Mke wake alitembea kando akimwambia: kushoto, jiwe, kulia kidogo. Bibi alikuwa analia chini ya kitenge. Si kwa sababu ya safari. Alikuwa anaomba msamaha, kwa sauti ya juu, mkwe wake amsamehe kwa kumkaribia hivi.

Vijana wa kona walicheka sana. Mmoja aliuliza kama mke naye amebadilishwa.

Ningeweza kusukuma mimi. Mikono nilikuwa nayo, na aibu ya mkwe isingenihusu. Wawili kati ya vijana wale niliwafundisha kusoma. Nilikaa mlangoni mpaka kigari kilipopinda, na mboga ikaungua.

Niliporudi uani baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu. Pampu mpya ilikuwa kwenye meza ya vyuma, na nikaenda kuitazama, labda kwa sababu sikutaka kumtazama yeye. Karatasi ya nta ilikuwa imefunuliwa upande mmoja tu. Grisi ya kiwandani ilikuwa imejaa katika matundu yote manne, laini, bila alama. Hakuna bolti iliyowahi kupita hapo. Hakuna aliyejaribu.

"Hukuifunga hata mara moja," nilisema.

Hakubisha. Alijifuta mikono isiyokuwa na uchafu.

"Mutaa muzima unajua ile gari," alisema. "Bangeniona nabeba Bakasai, bangeichoma. Na nyumba pia. Na weye ndani."

Huenda ni kweli. Nimelipima neno hilo miaka mingi na siwezi kuapa kwamba si kweli. Mtaa ule ulikuwa na viberiti. Lakini angeweza kusema Jumanne, mlangoni: voisin, ninaogopa. Jirani angemwelewa, angepata siku mbili za kutafuta mtu mwingine. Badala yake alijificha nyuma ya kitabu, baba yangu aliyekuwa haibi skrubu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo mtoto hamwambii baba yake, kwa sauti iliyovuka ukuta, nikasahau kwamba upande wa pili hakuna tena wa kusikia. Aliyapokea yote akiwa kigodani. Kisha akainuka, akachukua pampu ya zamani, akaifunga. Nilitazama saa ya sebuleni. Dakika arobaini, pamoja na kujaza maji.

Mama aliporudi nilimsimulia. Alipika bukari kubwa, akafunga, akabeba kichwani hadi stesheni, na kesho yake tena. Watu walikuwa wamelala pale nje, maelfu, wakingoja treni ambayo haikuja siku ile wala wiki ile. Jirani alimpokea mama kwa heshima, akauliza habari za kila mtu. Bibi hakusema tena. Alikaa kafunikwa vilevile, mama alisema, na hakuna aliyeweza kumfunua isipokuwa wakati wa kumlisha.

Jumapili baba alilitoa gari uani, limeoshwa. Alikuwa amevaa suti. Kwenda parokiani njia fupi inapita mbele ya stesheni; alisema angepita juu, kuzunguka, kwa sababu ya mashimo. Mama alitoka na rozari yake, akalipita gari bila kuligusa, akaelekea barabara ya chini, ile ya stesheni, kwa miguu.

Baba akanifungulia mlango. Kulikuwa na jua kali, na nilikuwa nimevaa viatu vyenye kisigino. Nikapanda, nikaketi mbele.